Walioacha wokovu Ukambani: Katiba yawalinda, matanga yawaumbua

Katika matanga mengi ya Kitui na Makueni, mwenye kipaza sauti haanzi kwa kuwajulia watu hali. Husimama mbele ya waombolezaji, akawaita wapendwa, kisha akapaza sauti: "Bwana asifiwe!" Umati huitikia "Amina", naye hurudia salamu hiyo hadi aridhike na mwitikio. Aliyenyamaza hutambulikana.

Kwa mtu aliyewahi kuokoka na baadaye akaacha kuamini, salamu hiyo ni mtihani mgumu kuliko mjadala wowote kuhusu kuwapo kwa Mungu. Akiitikia, ametamka asichokiamini. Akinyamaza, amewatangazia wajomba, shangazi na wazee wa kanisa siri ambayo huenda ameificha kwa miaka mingi.

Watu wa aina hii wapo Ukambani, ijapokuwa ni nadra kusikika. Wengi walilelewa katika makanisa ya kiinjili, wakatoa ushuhuda, wakaimba kwaya, wakaongoza vyama vya Kikristo shuleni, na hatimaye wakajikuta hawawezi tena kusema kwa dhati kwamba wanaamini.

Sheria za Kenya haziwazuii. Kinachowatatiza ni kwamba katika sehemu hizo kanisa si mahali pa ibada tu. Ndilo linalozika na kuozesha, ndilo linalochangisha karo, tena ndilo linaloaminiwa kumtambulisha mtu kuwa mwadilifu. Anayeliacha hupoteza imani, na pamoja nayo huhatarisha nafasi yake miongoni mwa watu wake.

Miaka 130 ya injili

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, sharti historia itazamwe. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849, na ni kutoka huko alikouona Mlima Kenya mwezi Desemba mwaka huo. Mapema katika miaka ya 1890, Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa wamefungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui.

Mwishoni mwa 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, ambako leo ni Kaunti ya Makueni. Scott aliugua homa na kufariki Desemba 1896, kabla ya kutimiza mwaka mmoja kamili tangu aanze kazi hiyo. Hata hivyo, misheni aliyoiasisi ndiyo iliyozaa kanisa la Africa Inland Church, maarufu kama AIC, ambalo mizizi yake Ukambani ni mirefu mno.

Misheni hiyo ilifundisha injili yenye mipaka iliyo wazi. Aliyeokoka hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku wala hakucheza ngoma za jadi. Wokovu ulikuwa na siku yake na tarehe yake, nao ulitolewa ushuhuda hadharani. Aliyeteleza alitengwa kwa muda, na akitubu alirudishwa kundini.

Kuna jambo moja la kuzingatia katika historia hiyo. Waliokosana na wamishonari hawakuacha dini, bali walianzisha nyumba nyingine ya ibada. Mnamo 1922, Ndonye wa Kauti alitokea Kilungu akijitangaza kuwa nabii aliyesema na Mungu, na serikali ya kikoloni ikamhamishia Siyu, katika visiwa vya Lamu. Mwaka wa 1945, Wakamba waliotaka kujitawala katika mambo ya kiroho waliunda African Brotherhood Church, kanisa ambalo lingali na nguvu hadi sasa.

Hivyo basi, mtu aliyegombana na kanisa moja alikuwa na kanisa jingine la kuhamia. Hakukosa kwaya, mchungaji, wala mahali pa kupeleka maiti yake. Asiyeamini kabisa hana nyumba ya pili ya kuhamia.

Kitui kwa Mbiti

Ni Kitui hiyohiyo iliyomtoa mwanazuoni aliyewafanya walimwengu waamini kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka wa 1931, akalelewa katika mazingira ya misheni hiyo, akasoma Alliance, Makerere na Cambridge, na mwaka wa 1969 akachapisha kitabu African Religions and Philosophy. Alifariki nchini Uswisi mwaka wa 2019.

Hoja yake ilikuwa kwamba dini imepenya katika maisha ya Mwafrika kiasi cha kutoweza kutenganishwa nayo. Kwa mtazamo huo, kuwa mtu ni kuwa sehemu ya jamii, na kuwa sehemu ya jamii ni kushiriki imani na sherehe zake. Anayejitenga na dini ya watu wake hujing'oa katika shina lake.

Si wasomi wote waliokubali. Mshairi na mwanazuoni wa Uganda, Okot p'Bitek, alilalamika mnamo 1970 kwamba wasomi Wakristo, Mbiti akiwamo, waliivika miungu ya Kiafrika mavazi ya kigeni ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Naye Ngugi wa Thiong'o, mwezi Machi mwaka huohuo, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa kanisa la Presbyterian jijini Nairobi na kukiri kwamba yeye hakuwa Mkristo. Baadaye aliliacha jina la James.

Hata hivyo, Mbiti alisaidia kueleza jinsi shaka huanza. Katika utafiti wake kuhusu Wakamba, uliochapishwa 1971, alionyesha kwamba mafundisho ya wamishonari kuhusu kurudi kwa Yesu na mbingu yalipokelewa kama habari ya mambo yatakayotokea karibuni, tena kwa namna ya kuonekana kwa macho. Ahadi inayosubiriwa kwa namna hiyo huzaa maswali miaka inapopita bila kutimia.

Shaka za namna tatu

Watu wengi hudhani kwamba anayeacha kanisa amekasirishwa na mchungaji. Wakati mwingine ni kweli, lakini yafaa shaka zitenganishwe, kwa kuwa haziko sawa.

Shaka ya kwanza ni ya kumshuku kiongozi. Hii ni ya kawaida, na iliongezeka nchini baada ya Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya watu 400 walipatikana wamekufa, wengi wakiwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliodaiwa kuhimizwa kufunga hadi kufa. Serikali iliunda jopo likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi kuchunguza jinsi mashirika ya kidini yanavyosimamiwa. Wakenya wengi waliwalaani wahubiri matapeli, lakini hawakuacha kusali.

Shaka ya pili ni ya kulishuku kanisa lenyewe: kanuni zake, fedha zake, na jinsi linavyowahukumu vijana na wanawake. Mwenye shaka hii huenda akahamia dhehebu jingine au akasali nyumbani kwake.

Shaka ya tatu ni ya kumshuku Mungu mwenyewe. Mtu huyu huenda hana ugomvi na mchungaji yeyote. Huenda alisoma Biblia kwa bidii kuliko wenzake, akakuta mambo yasiyopatana, akaomba apewe jibu, akangoja. Huenda alimwombea mgonjwa kwa imani yote aliyokuwa nayo, na mgonjwa akafa. Kila alipouliza aliambiwa aongeze imani, hadi akaona kwamba jibu hilo halikuwa jibu.

Kosa la jamaa wengi ni kuitibu shaka ya tatu kwa dawa ya ile ya kwanza. Humletea mchungaji mwingine aliye mwema zaidi, wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010 inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Lakini Kifungu cha 8 kinasema wazi kwamba Kenya haina dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake, na pia kinakataza kumlazimisha kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake.

Mahakamani, asiyetaka kuapa kwa jina la Mungu anaruhusiwa kuthibitisha kwa neno lake tu, kulingana na Sura ya 15 ya Sheria za Kenya. Hata viongozi wa nchi wanaruhusiwa kuthibitisha badala ya kuapa wanapochukua madaraka.

Kanuni ya Adhabu haimwadhibu asiyeamini. Inachokataza ni kuitukana dini au kuumiza kwa makusudi hisia za waumini. Hali hii ni tofauti na iliyomkuta Mubarak Bala, mkana Mungu wa Nigeria, aliyehukumiwa miaka 24 gerezani mjini Kano mwaka wa 2022 kwa maandishi yake kabla ya kifungo hicho kupunguzwa na yeye kuachiliwa mwaka wa 2025.

Pamoja na hayo, uhuru huo umewahi kupingwa. Chama cha wasioamini, Atheists in Kenya, kilikataliwa kwanza na msajili wa vyama. Kiliandikishwa Februari 2016, na baada ya majuma machache tu usajili huo ukasimamishwa kutokana na malalamiko ya umma. Mwaka wa 2021, katibu wake alijiuzulu akieleza kwamba amempata Yesu, habari iliyosambaa duniani kote. Safari hii huenda pande zote mbili, na si kila anayeondoka huondoka milele.

Wangapi?

Sensa ya 2009 iliwahesabu Wakenya 922,128 waliosemekana kutokuwa na dini. Ile ya 2019 iliwahesabu 755,750, yaani asilimia 1.6 ya wananchi. Katika sensa hiyo ya 2019, makanisa ya kiinjili yalikuwa na watu zaidi ya milioni 9.6.

Tarakimu hizo zatakiwa kusomwa kwa uangalifu. Asiye na dini si lazima awe mkana Mungu. Huenda ni mtu asiyejihusisha na dini yoyote iliyotajwa. Aidha, maswali ya sensa kwa kawaida hujibiwa na mkuu wa nyumba kwa niaba ya wote walio chini ya paa lake.

Kijana wa Kibwezi au Mutomo aliyeacha kuamini miaka mitano iliyopita huandikwa na babaye kuwa mshirika wa AIC, tena baba hasemi uongo. Hajaambiwa. Ndiyo maana takwimu haziwezi kuonyesha ni watu wangapi huketi kanisani kila Jumapili wakiwa hawaamini.

Ukimya huo si wa waumini wa kawaida pekee. Nchini Marekani, mwaka wa 2011 uliundwa mpango uitwao The Clergy Project kwa ajili ya wachungaji waliopoteza imani, na wengi waliojiunga walitumia majina ya kubuni kwa kuwa mshahara, nyumba na heshima yao vyote vilitoka kanisani.

Shule, harusi na kaburi

Sehemu ya kwanza ambako mwenye shaka hubanwa ni shuleni. Shule nyingi za Kitui na Makueni zilianzishwa na misheni na zingali na wadhamini wa makanisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi ya kusimamia malezi ya kiroho na wawakilishi watatu katika bodi ya shule, ingawa inamtaka pia alinde imani za wengine. Mwalimu asiyeamini katika shule ya aina hiyo analindwa na Katiba, lakini ndiye huenda akaitwa kufungua kikao cha walimu kwa sala.

Sehemu ya pili ni ndoa. Hapa kuna njia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, na inatambua pia ndoa ya kimila. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo wakishapelekwa na kupokelewa, ndoa ya kimila imefungwa bila mchungaji. Hata hivyo, wazazi waliookoka huiona hiyo kuwa nusu ya harusi, na mwenye shaka huishia madhabahuni kwa ajili ya mama mkwe.

Sehemu ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni mazishi. Mshirika wa kanisa akifariki, wenzake hufika jioni hiyohiyo. Huunda kamati, huchanga, hupika, huimba, na siku ya kuzika mchungaji hutamka kwamba marehemu alikuwa mmoja wao. Asiye mshirika hana hakika ya hayo. Jamaa zake huenda wakalazimika kumsihi mchungaji, au wakasikia mahubiri yanayomfanya marehemu mfano wa waliopotea.

Wosia nao una mipaka yake. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alidai kwamba mumewe alitaka kuzikwa shambani mwao karibu na Ngong. Mwaka wa 1987, Mahakama ya Rufani iliamua azikwe Nyalgunga kwa kufuata mila ya ukoo wake. Tangu hapo Wakenya wanajua kwamba matakwa ya maiti hutegemea sana walio hai.

Lakini jamaa wakikubaliana, mengi yanawezekana. Wangari Maathai alichomwa mwaka wa 2011 kama alivyotaka, naye Charles Njonjo akachomwa siku ileile aliyofariki, Januari 2, 2022. Hawa hawakuwa wakana Mungu, ila walithibitisha kwamba aliyezungumza na watu wake mapema anaweza kuheshimiwa.

Si kumrudia mganga

Aliyeacha wokovu Ukambani hukabiliwa na tuhuma nyingine ya ajabu. Kwa kuwa nchini kote jina la Kitui limehusishwa na uganga, hata vibao vya "mganga kutoka Kitui" vikapigiliwa kwenye nguzo za stima mijini, jirani hudhani kwamba aliyetoka kanisani amekwenda kwa mundu mue, yaani mganga wa jadi.

Ukweli ni kinyume. Mwenye shaka ya kweli hawezi kuukataa muujiza wa mhubiri kisha akaukubali ule wa mganga. Hutaka ushahidi kutoka kwa wote wawili. Wazee wa zamani walitambika katika ithembo, mahali patakatifu chini ya miti mikubwa, ili mvua inyeshe. Wajukuu wao hufanya maombi ya mvua kanisani. Kwake yeye, maswali ni yaleyale.

Tena si kweli kwamba amekuwa mtu asiye na maadili. Tabia njema aliyofunzwa katika shule ya Jumapili haiondoki kwa kuwa sababu yake imebadilika. Wengi wao bado hawanywi pombe, bado hawadanganyi kwenye mizani, na bado huimba tenzi za kanisani wakiwa shambani, kwa kuwa ndizo nyimbo wanazozijua.

Mzigo wa mwaitu

Katika hali nyingi, anayeogopwa zaidi si mchungaji wala mwajiri bali ni mwaitu, yaani mama. Yeye haoni kwamba mwanawe ana fikra tofauti. Anaona kwamba baada ya kifo hawatakutana. Machozi yake ni ya mtu anayefiwa na mtoto aliye hai.

Mwana naye hubeba mizigo miwili. Ameondokewa na faraja aliyokuwa nayo, maana hakuna tena wa kumwomba usiku mambo yakiharibika. Kisha analazimika kumwumiza aliyemlea au kumdanganya. Wengi huchagua kudanganya kidogo: huinamisha kichwa chakula kinapoombewa, huenda kanisani Krismasi, hutuma sadaka kwa simu.

Wengine hueleza mambo polepole, kwa mtu mmoja kwanza, mara nyingi dada au shangazi. Huepuka kuanzisha ubishi mezani. Hawalazimishi mtu kukubaliana nao, ila huomba jambo moja: wasichukuliwe kuwa wagonjwa wanaongoja kuponywa.

Wazazi nao wana haki yao. Mama hawezi kuamriwa aache kumwombea mwanawe. Anachoweza ni kumwombea bila kumtangaza kwenye ibada ya katikati ya juma, na kumpikia bila masharti. Mchungaji mwenye hekima anaweza kuzika bila kumhukumu aliye ndani ya jeneza.

Ukambani kuna desturi moja iliyotangulia misheni, nayo ni mwethya, kundi la majirani wanaosaidiana kulima, kujenga na kuchimba matuta. Ni kwa makundi ya aina hiyo mabwawa mengi ya mchanga yamejengwa katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni, ili maji ya mvua za Oktoba hadi Desemba yasipotee yote. Anayefika mtoni huulizwa kama ana jembe au karai. Hana haja ya kutoa ushuhuda.

Ni kweli kwamba siku hizi hata mwethya hufunguliwa kwa sala. Asiyeamini husimama pamoja na wenzake, akainamisha kichwa au akatazama mbali, kisha wote wakaanza kazi. Akifa, hao waliobeba mawe pamoja naye ndio watakaochimba kaburi. Watakayoyasema kando ya kaburi hilo yatategemea kama aliwahi kuwaambia, akiwa hai, yeye alikuwa nani.